Mawe ya Waliodhulumiwa

Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje, lakini riziki ilinichukua ikanileta huku Mwanza kusomesha watoto, na baada ya kustaafu sikurudi pwani. Nimejenga Mkolani, upande wa kusini wa mji, karibu na barabara kuu iendayo Shinyanga. Wewe uliyezoea minazi na mchanga ungeyastaajabia mawe ya huku. Majabali yamepandana moja juu ya jingine hata mtu akadhani yamepangwa kwa mkono. Na kwa kuwa mawe ni mengi, watu huyatafutia faida: utawakuta kina mama na vijana wamekaa chini ya mlima, nyundo mkononi, wakipasua kokoto tangu asubuhi mpaka magharibi. Basi katika mji wa namna hii, nani atalitazama rundo moja la mawe?

Mimi sikulitazama. Nalo lilikuwa ndani ya kiwanja changu mwenyewe, chini ya mkuyu, mawe yasiyopata arobaini, yamelala kwa mstari uliopinda. Nilipotaka kujenga ukuta wa ua fundi aliniuliza, "Haya nayo?" Nikamwambia achukue, yatapunguza gharama. Akachukua. Makubwa akayatia katika msingi, madogo akawapa vijana wakayapasua kokoto, zikachanganywa na saruji kwa ajili ya nguzo za geti.

Siku ya tatu akaja jirani yangu, mzee wa Kisukuma ambaye umri wake nausikia tu kwa wanawe, maana yeye mwenyewe ukimwuliza hucheka. Tukaamkiana. Akasimama pale chini ya mkuyu, akaegemea fimbo yake.

"Mwalimu, yale mawe umeyapeleka wapi?"

"Yapo kwenye msingi, Babu."

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza habari za mvua, "Basi umewajengea ukuta wapagazi."

Nikamkaribisha kiti, akanieleza. Baba yake alikuwa kijana mwaka ule Waingereza walipouteka mji wa Mwanza mikononi mwa Wajerumani, nao ni mwaka 1916, mwezi wa Julai. Wajerumani walirudi nyuma kuelekea Tabora, na kila upande ulihitaji vichwa na mabega ya watu wa kubeba mizigo. Watu walikamatwa mashambani. Walibeba unga na wao hawali, walibeba risasi na wao hawana bunduki. Aliyeugua tumbo njiani hakungojwa. Wenziwe waliojaliwa kupumzika walimfukia haraka, wakaweka mawe juu ili fisi wasimfukue, wakapandisha mizigo wakaendelea. Pale chini ya mkuyu, alisema, wamelala kadhaa. Yeye utotoni alichapwa na baba yake kwa kuokota jiwe moja pale la kuchezea.

"Majina yao je?" nikamwuliza.

"Walikuwa wapita njia," akasema.

Ndugu msomaji, yawezekana na wewe unaposoma haya u karibu na jina la watu hao wala hulijui. Kariakoo ya Dar es Salaam haikuitwa hivyo kwa sababu ya soko. Ni jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza, ambao kambi yao ilikuwa pale. Na Nairobi nako kuna Kariokor yao. Katika vita ile ya 1914 mpaka 1918 wapagazi waliokufa Afrika ya Mashariki walikuwa wengi kuliko askari, nao waliuawa zaidi na njaa, kuhara na homa kuliko risasi. Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa ziliwekewa sanamu za askari wa shaba katika miaka ya 1920, na mpagazi akapewa kipande chake cha heshima humo. Lakini jina lake hakuna. Mzungu aliyekufa alipewa jiwe lake peke yake, limechorwa jina, cheo na tarehe. Mwezi wa Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa ikakiri jambo hilo yenyewe: kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Miaka mia moja imepita, na msamaha umefika wakati hata wajukuu ni wazee.

Niliposikia maneno ya jirani yangu nilijitetea, kama binadamu ajiteteavyo. Nikasema moyoni kwamba sikujua. Nikasema kiwanja nimekinunua kwa halali, na muuzaji hakuniambia kitu. Nikasema pia kwamba huenda mzee amechanganya mambo. Usiku mama watoto akaniuliza mbona sili, nikamweleza. Akaniangalia akasema, "Mwembe Kinyonga pangejengwa choo, wewe ungefurahi?"

Neno hilo lilinichoma, na wasomaji wa Kilwa watajua sababu. Kwa faida ya wengine nitaeleza. Kivinje kwetu pana mahali paitwapo Mwembe Kinyonga. Hapo ndipo Wajerumani waliponyongea watu waliokataa kutawaliwa nao, na anayetajwa zaidi ni Hassan bin Omari Makunganya, aliyepigana nao katika nchi ya nyuma ya Kilwa mpaka akakamatwa na kunyongwa mwaka 1895. Miaka kumi baadaye, katika vita ya Maji Maji, walinyongwa wengine. Pana nguzo ya kumbukumbu pale. Sisi tulipokuwa watoto ile nguzo tuliifanya goli. Siku moja bibi yangu mzaa mama alitukuta tunapiga kelele na mpira wetu wa matambara. Hakutupiga. Alituketisha chini, akatusomesha Fatiha mmoja mmoja, na aliyekosea alianza upya. Kisha akatuambia kuwa baba yake alikuwa kijana katika umati uliolazimishwa kusimama kutazama, na kwamba tangu siku hiyo mpaka anakufa hakupita njia ile tena. Akienda sokoni alizunguka. Bibi mwenyewe kila akipita hapo alishusha sauti. Nasi tukajifunza kushusha sauti, na mpira tukauhamishia ufukweni.

Mimi niliyelelewa hivyo, nimekwenda nchi ya watu nikatia mawe ya kaburi katika nguzo ya geti langu! Ukumbusho wa kwenu huulinda kwa sababu umefundishwa. Wa wenzio huuoni hata ukiwa chini ya miguu yako.

Katika juma lile lile mpwa wangu anayesoma Berlin aliniletea picha kwenye simu. Ilikuwa picha ya kijiwe cha shaba, sentimita kumi kwa kumi, kimetiwa njiani mbele ya mlango wa nyumba katika mtaa wa Brunnenstraße. Akaniandikia, "Mjomba, huyu ni mtu wetu. Lakini nimekuta watu wanakanyaga, na jina la Mohamed limo. Nifanye nini?"

Nilitafuta habari zake. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa mwanajeshi wa Kisudani katika jeshi la Wajerumani. Vita ilipoanza mtoto huyu alikuwa na miaka kumi, naye akaingizwa jeshini pamoja na baba yake. Mwaka 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, kule Lindi, akatekwa na Waingereza. Baada ya vita alifanya kazi za utumishi katika meli, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mshahara wake na wa marehemu baba yake ambao haukulipwa. Wakubwa wakamjibu kuwa amechelewa. Akabaki huko huko, akijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alihudumia meza mkahawani, alisaidia kusomesha Kiswahili katika chuo kikuu, akacheza sehemu ndogo ndogo katika filamu zaidi ya 20, karibu kila mara akiwa mtumishi au mwenyeji wa makoloni. Mwaka 1933 alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka huo huo Hitler alishika madaraka, na nchi ikaanza kuwapima watu kwa damu zao. Filamu moja kati ya zile za mwisho alizocheza ilimtukuza Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Ilitolewa mwaka 1941. Mwaka huo huo alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa kizungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen pasipo kuhukumiwa. Alikufa humo tarehe 24 Novemba 1944. Mwili wake ulichomwa moto, majivu yakazikwa Berlin.

Najua wapo watakaosema: huyu alikuwa askari wa Mjerumani, aliwatumikia wale wale walionyonga watu wetu, basi ana haki gani ya kuliliwa? Nami nilikuwa na neno hilo ulimini. Lakini aliingizwa jeshini akiwa na umri wa mtoto anayesoma juzuu ya kwanza. Alitumika, akadai haki yake, akafukuzwa. Akaipenda nchi iliyompiga teke, na nchi hiyo ikamwua. Dhulma haimwulizi mtu kama amestahili kuhurumiwa, na mimi sioni kwa nini sisi tuulize.

Vijiwe vya namna hiyo huwekwa na fundi mmoja wa Kijerumani, Gunter Demnig, tangu mwaka 1992, mbele ya nyumba ambazo wahanga wa utawala wa Hitler waliishi kwa hiari yao kwa mara ya mwisho. Wengi wao ni Mayahudi, na wapo pia Wasinti na Waroma, wagonjwa, wapinzani wa serikali, na Mahjub wetu, aliyewekewa chake mwaka 2007. Mwaka 2023 vilikuwa vimepita 100,000 katika nchi nyingi za Ulaya. Jina lake kwa Kijerumani maana yake ni mawe ya kujikwaa.

Sasa turudi kwenye swali la mpwa wangu, maana ni swali la Kiislamu hasa. Sisi hatuweki karatasi yenye jina la Mtume chini, seuze njiani penye viatu na mbwa. Nami mara ya kwanza nilimjibu kwa hasira kwamba wangoe. Baadaye nikajua kuwa si sisi tu wenye uchungu huo. Katika mji wa Munich, Charlotte Knobloch, kiongozi wa jumuiya ya Mayahudi ya pale, alikataa kabisa majina ya waliouawa yakanyagwe, na baraza la mji likakataza vijiwe hivyo katika njia za mji, mwaka 2004 na tena 2015. Tangu 2018 mji huo huweka vibao ukutani au juu ya nguzo, mahali ambapo macho ya mtu yanafika. Wapo ndugu wengine wa wahanga wanaosema kinyume chake: kwamba ili usome kijiwe huna budi uiname, na kuinama ni heshima. Mimi moyo wangu uko na Munich. Lakini mpwa wangu alinyamaza siku mbili, kisha akaniletea picha nyingine. Alikwenda na kitambaa na dawa ya kusugulia shaba, akapiga magoti njiani asubuhi, akasugua mpaka jina likang'aa. Watu wakazunguka. Nilipoona picha ile sikumtaka tena aende kuzungumza na mtu juu ya kungoa.

Usidhani huko ni salama. Novemba 2017 katika mtaa wa Neukölln, Berlin hiyo hiyo, vijiwe 16 viling'olewa usiku mmoja baada ya mwingine vikaibwa. Wakaazi wa mtaa walichanga fedha, na kabla ya mwaka kwisha vilikuwa vimerudishwa vipya. Kwetu mwizi wa shaba huwa hana chuki na mtu. Anataka kilo zake kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Lakini kibao kikishatoka, kimetoka, na anayepita kesho ataona nguzo tupu na kubandika tangazo la mganga au la mgombea. Na wala si mwizi peke yake. Yupo dereva wa trekta wa kupanua barabara, yupo mwenye mbuzi anayetafuta pa kufungia kamba, na yupo mwalimu mstaafu anayepunguza gharama za ukuta.

Sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda yenyewe majengo na vitu vya kabla ya mwaka 1863. Cha baada ya mwaka huo hakina budi waziri akitangaze. Piga hesabu, msomaji: Makunganya alinyongwa 1895, Maji Maji ni 1905 mpaka 1907, wapagazi ni 1914 mpaka 1918. Karibu dhulma yote ya ukoloni kwetu imeangukia upande wa pili wa mwaka ule! Kwa hiyo mahali ambapo watu hawakusema, serikali haikuambiwa. Songea walisema. Pale tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga makumi ya viongozi wa Wangoni kwa siku moja, na hii leo pana makumbusho, pana kaburi la pamoja, na kila mwezi wa Februari watu hukusanyika. Mwezi wa Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikwenda pale pale akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa walionyongwa. Nauliza: kama mahali pale pangekuwa pamepasuliwa kokoto, angekwenda kusimama wapi?

Nilikwenda kwa imamu wetu na neno langu, nikiogopa kidogo. Nilidhani ataniambia kwamba makaburi hayajengewi, yawe sawa na ardhi, basi jambo limekwisha. Na ukweli ni kwamba nilitamani aniambie hivyo. Akanikumbusha kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kukaa juu ya kaburi, na ni kweli wanazuoni wamezuia kuyapamba na kuyajengea. Lakini alipozikwa Uthman bin Madh'un, Mtume alibeba jiwe kwa mikono yake akaliweka upande wa kichwa, ili alitambue kaburi la ndugu yake. "Jiwe la kutambulisha ni hilo," akasema, "wala si jengo." Nikamwambia kwamba hawa huenda hawakuwa Waislamu. Akaniuliza kama fisi walibagua.

Basi nikamwita fundi. Alikasirika, na alikuwa na haki, maana saruji imekwisha kushika na mfuko wa saruji bei yake unaijua. Nikamlipa kubomoa kama nilivyomlipa kujenga. Kazi ilichukua siku mbili. Vijana waliopita barabarani walicheka, wakasema mwalimu ameambiwa pana rupia za Mjerumani, na usiku wa kwanza mtu mmoja alikuja na tochi kuchimbachimba, ikabidi nilale nje. Ukuta sasa umepinda ukauzunguka mkuyu, nao umenikosesha mahali pa kuweka gari, gari lenyewe nisilokuwa nalo. Mama watoto anasema ndiyo ukuta pekee Mkolani wenye adabu.

Mzee alikuja na wajukuu wake wawili. Akawaonyesha mstari ulivyokuwa, kwa fimbo, nasi tukapanga. Tulipata mawe ishirini na sita. Akasimama akahesabu, akataka kujua mengine.

Nikampeleka kwenye geti, nikamwonyesha zile nguzo mbili. Aliweka kiganja juu ya moja, akakaa hivyo kidogo, kisha akaniuliza kama naweza kumpatia maji ya kunywa. Nguzo hizo sijazivunja. Hata nikizivunja, kokoto haitarudi kuwa jiwe. Kila alfajiri nikifungua geti kwenda msikitini mkono wangu hupita pale, nami huwasomea watu ambao majina yao siyajui.